Rangi ya Taifa kwa Siku ya Leo

Nchi ninayotaka kuisimulia ni vigumu kuionyesha kwenye ramani, kwa sababu wachora ramani wake huirekebisha kila baada ya uchaguzi ili majimbo yaliyopiga kura vibaya yaonekane madogo. Inatosha kusema kwamba ni nchi yenye amani, yenye misimu miwili ya mvua na yenye simu nyingi kuliko vyoo. Wananchi wake ni wapole. Serikali yao inawapenda kiasi cha kutoweza kuwaacha peke yao hata kidogo.

Katika nchi hiyo kulikuwa na desturi ya miaka mingi kwamba kila duka, kila ofisi na kila kinyozi sharti atundike ukutani picha ya mkuu wa nchi, ambaye jina lake la heshima lilikuwa Mlezi Mkuu. Desturi hiyo ilipoanza hapakuwa na simu za kioo. Simu hizo zilipokuja, wanasheria wa serikali walikaa wakatafakari swali gumu: je, simu ni duka? Wakaona kwamba ndani yake watu huuza, hununua, hukopeshana na kudanganyana. Basi ni duka. Picha ya Mlezi Mkuu ikawekwa nyuma ya kioo cha kila simu nchini, na kwa kuwa hata sura tukufu ikitazamwa bila kubadilika huchosha, ikaamuliwa kwamba Mlezi Mkuu apigwe picha mpya kila asubuhi baada ya kifungua kinywa, nayo itumwe kwa raia wote. Iliitwa Picha ya Siku.

Mpaka hapo mambo yalikuwa shwari. Kilichoyachangamsha ni ufundi mmoja wa kupendeza uliobuniwa na watengenezaji wa simu wa ng'ambo. Simu huitazama picha iliyo nyuma ya kioo chake, huchuja rangi zake, kisha huzivika programu zote zilizomo ndani rangi hizo hizo. Ukiweka picha ya shamba la chai, kikokotoo kitakuwa cha kijani, saa itakuwa ya kijani, na hata ujumbe wa shemeji yako anayeomba nauli utakuwa wa kijani. Katika nchi nyingine jambo hilo liliachwa kuwa hiari ya mwenye simu na ya aliyeitengeneza programu, na watu walibishana juu yake kwa adabu. Wengine walisema inapendeza simu nzima iwe na sura moja, kama nyumba iliyopakwa rangi na fundi mmoja, macho yapumzike. Wengine walijibu kwamba jikoni hakupakwi rangi ya sebuleni bila sababu, na kwamba programu nyingine zina rangi zake kwa kuwa rangi hizo zinasema kitu.

Katika nchi yetu hii ubishi haukuhitajika. Ilipobainika kwamba rangi zitatoka kwenye picha, na ikakumbukwa picha hiyo ni ya nani, Bunge lilipitisha Sheria ya Mshikamano wa Rangi kwa makofi mazito. Mbunge mmoja aliyekuwa msalani aliitwa arudi ukumbini, akasimamishwa mahali pake, akapiga makofi yake peke yake ili hesabu ya furaha ikamilike.

*

Matunda ya sheria yalionekana mara moja. Programu ya benki, programu ya mchezo wa karata na programu ya kutangaza misiba zilifanana kama mapacha watatu. Mwalimu mstaafu aliyekusudia kumlipia mwanawe ada alijikuta amenunua ng'ombe wa katuni, na alipokwenda benki kulalamika alipongezwa kwa kuwekeza katika mifugo. Familia moja ilitangaza msiba wa babu yao ndani ya mchezo wa karata, na watu wengi wasiowafahamu walijibu kwa kucheza shupaza. Haya ni mambo madogo ambayo hutokea popote penye maendeleo.

Chuo Kikuu cha Taifa kiliandaa kongamano. Mada zilizowasilishwa zilikuwa za kina, na wasomi waliafikiana kwamba rangi nyingi ndani ya simu moja ni mabaki ya ukabila. Mhadhiri mmoja wa kike, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, aliuliza kama katika utafiti wowote kati ya hizo tafiti kuna mtu aliyemuuliza mwenye simu. Mwenyekiti alimshukuru sana kwa swali hilo, akasema ni eneo zuri la utafiti kwa vizazi vijavyo, kisha akatangaza chai.

Jambo moja tu ndilo lililotia doa mwanzo huo mwema. Sheria ilisema rangi zitoke kwenye Picha ya Siku, lakini haikusema zitoke sehemu gani ya picha. Asubuhi moja Waziri wa Mwonekano na Mshikamano, Mheshimiwa Chande Makubazi, mtu mwenye mwili wa kutosha na moyo wa upendo, alisimama nyuma ya Mlezi Mkuu wakati wa kupigwa picha. Alikuwa amevaa shati la rangi ya chungwa. Simu hazina adabu ya kujua nani ni nani. Zilipima picha, zikaona sehemu kubwa ni chungwa, na kabla jua halijapanda taifa zima likawa na rangi ya shati la Waziri.

Mheshimiwa Makubazi alipoifungua simu yake akauona uchungwa ule, alielewa haraka kuliko alivyowahi kuelewa jambo lolote katika utumishi wake. Alilivua shati. Lakini tayari watu walikuwa wakisalimiana mitaani, "Habari za chungwa?" na wapo waliosema, kwa nia njema kabisa, kwamba rangi mpya ina uchangamfu. Ilipofika adhuhuri Waziri alikuwa ameteuliwa kuwa balozi katika kisiwa ambacho hupotea maji yakijaa.

Nafasi yake alipewa Profesa Eligi Mkwizu, mtaalamu wa falsafa ya rangi, mwembamba kwa umbo na hivyo asiye na hatari. Jambo lake la kwanza lilikuwa kuirekebisha sheria. Tangu siku hiyo kila mtu atakayesimama karibu na Mlezi Mkuu avae kijivu, na rangi za simu zitoke kwenye vazi la Mlezi Mkuu peke yake, kuanzia kofia hadi viatu. Programu zingeweza kuchagua miongoni mwa rangi za vazi hilo, lakini zisivuke hapo. Kwa kuwa Mlezi Mkuu alivaa suti ya zambarau karibu kila siku, uchaguzi ulikuwa kati ya zambarau iliyokolea na zambarau iliyopauka. Profesa aliandika makala ndefu kueleza kwamba zambarau ni rangi ya busara iliyokomaa. Watu waliisoma kwa shida, maana maandishi yalikuwa ya zambarau juu ya zambarau.

*

Hapa ndipo anapoingia Sikudhani Mbaruku, ambaye bila kukusudia aliipa serikali kazi nyingi.

Sikudhani alikuwa mtengenezaji wa programu za simu. Mama yake, Bi. Kidawa, alikuwa na ugonjwa wa sukari wa muda mrefu, na sukari ilikuwa imeyachosha macho yake kiasi kwamba aliona rangi vizuri lakini herufi na michoro midogo ilimponyoka. Binti akamtengenezea mama programu. Kipimo kidogo kilichobandikwa mkononi kilizungumza na simu, na simu ikajaa rangi moja kioo kizima. Nyekundu maana yake sukari imeshuka, kula kitu kitamu upesi. Njano maana yake imepanda, kaa mbali na vitamu na utumie dawa. Kijani maana yake endelea na shughuli zako. Wazee wengine wa kliniki waliiona, wakaitaka, ikaenea. Sikudhani aliita programu hiyo Taa ya Mama.

Msomaji mwenye huruma atauliza kwa nini simu isimwambie mgonjwa kwa sauti. Sauti, kwa bahati mbaya, zilikuwa zimeshashikamanishwa mwaka uliotangulia. Kila simu nchini, iwe inaita, inaamsha au inaonya, ilitoa salamu moja tu ya Mlezi Mkuu akisema, "Hamjambo wanangu," na Bi. Kidawa kama raia wengine alikuwa na mazoea ya kuijibu na kuendelea na kazi.

Kwa hiyo siku moja alipokuwa jikoni anachambua mchele kwa kupapasa, na simu ikasema hamjambo wanangu, alijibu hatujambo, akaitazama, akaona zambarau. Aliigeuza akaitazama upande mwingine. Zambarau. Alihisi mikono inatetemeka na jasho linamtoka, akadhani ni joto. Jirani aliyekuja kuazima kinu alimkuta chini, mchele umemwagika kote, akamsukumia sukari ya kijiko chini ya ulimi mpaka akafumbua macho.

"Nani kazima taa?" Bi. Kidawa aliuliza.

"Hakuna aliyezima, bibi wee. Ni mchana."

Jioni Sikudhani alipofika alimkuta mama yake amekaa kitandani, amekasirika zaidi ya kuumwa.

"Mimi sikukuomba kitu cha kunisoma," mama alisema. "Nilikuwa nakwenda kwa kuhisi. Ukanizoesha rangi. Sasa rangi umezipeleka wapi?"

"Si mimi, mama. Ni sheria."

"Sheria inaumwa sukari?"

"Hapana, mama."

"Basi kaiambie mimi naumwa. Nikianguka tena, huyo jirani hatakuwa na haja ya kinu siku hiyo."

Sikudhani alijaribu kila hila ya kazi yake. Lakini simu zenyewe, kwa amri ya serikali, ziliipaka programu upya kila ilipokaidi. Ilimbaki njia moja tu: kwenda kuomba.

*

Kamati ya Rangi ilikutana katika ukumbi wa kijivu, ikiongozwa na Profesa Mkwizu mwenyewe. Kulia kwake alikaa Mwanasheria wa Wizara, na mbele yao wajumbe waliochaguliwa kwa kutokuwa na maoni.

"Karibu, mwanangu," Profesa alisema kwa upole. "Tumeambiwa una malalamiko."

"Shikamoo, Mheshimiwa. Si malalamiko, ni ombi."

"Marahaba. Vizuri sana. Malalamiko yana kamati yake, nayo haijaundwa. Omba."

"Ninaomba rangi tatu kwa ajili ya wagonjwa wa sukari."

Wajumbe walitazamana. "Tatu!" mmoja alinong'ona. "Taifa zima linajibana na moja, yeye anataka tatu."

Sikudhani alieleza nyekundu, akaeleza njano, akaeleza kijani, akaeleza jinsi mama yake alivyoanguka. Alieleza taratibu, kama mtu anayemimina mafuta kwenye chupa yenye mdomo mwembamba.

"Nimekuelewa," Profesa alisema. "Sasa niambie, zambarau haiwezi kumwambia mgonjwa hayo?"

"Zambarau inamwambia yote matatu kwa pamoja, Mheshimiwa."

"Kumbe inamwambia zaidi!" mjumbe mmoja alisema kwa furaha, na wenzake wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

"Mama yangu ataanguka tena."

"Mama yako ni mama yetu sote," Profesa alisema akiweka mkono kifuani.

"Basi, Mheshimiwa, mama yenu nyote ataanguka tena."

Profesa hakuwa mtu mbaya. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaona mambo yako vile vile.

"Mwanangu, hebu tazama ugumu wetu. Hiyo nyekundu unayoitaka, Mlezi Mkuu ameivaa lini?"

"Sijawahi kumwona nayo."

"Hajaivaa. Unataka raia watangulie kwenye rangi ambayo Mlezi hajafika. Huoni kwamba huko ni kumwacha nyuma?"

"Na akiivaa?"

"Akiivaa, saa hiyo hiyo ni halali."

"Na akizivaa zote tatu kwa siku moja?"

Mwanasheria wa Wizara, aliyekuwa amesinzia kwa heshima, alifumbua macho kwa sababu swali lilikuwa la kisheria. Akakohoa. "Sheria inasema vazi la Mlezi Mkuu, liwe na rangi moja au zaidi, ndilo chimbuko la rangi zote. Akivaa tatu, ni tatu. Akivaa saba, tutakuwa na saba."

"Lakini hatazivaa," Profesa alimalizia akitabasamu. "Nyekundu, njano na kijani! Mtu mzima mwenye heshima zake!" Wajumbe wote walicheka, kicheko kizuri cha watu wanaokwenda nyumbani mapema, na Sikudhani akapewa soda ya zabibu kwa ajili ya rangi yake.

*

Kliniki ya sukari ilikuwa siku ya Alhamisi. Wazee walikaa kwenye mabenchi marefu wakisubiri kuitwa, kila mmoja na simu yake ya zambarau mkononi, wakionyeshana kama watu wanaolinganisha mikono iliyovunjika.

Siku hiyo, pembeni mwa Bi. Kidawa, alikaa mama mmoja mtu mzima aliyejitanda khanga mpya. Nyuma yake walisimama wanaume wawili waliovaa kijivu, mmoja akiwa amemshikia mkoba wake, mwingine akiwa amemshikia ndizi. Sikudhani aliliona jambo hilo akajiambia nyamaza. Mama yake hakuliona, na hata angeliona asingenyamaza.

"Dada yangu," yule mama alisema, "na yako imekufa rangi?"

"Haijafa," Bi. Kidawa alijibu. "Imevishwa suti ya huyo bwana wa kwenye picha. Jana zambarau, leo zambarau. Hana nguo nyingine? Au hana mtu wa kumfulia, maskini?"

Wale wanaume wa kijivu walikohoa kwa pamoja.

"Nguo anazo," mama yule alisema. "Mimi ndiye ninayemvalisha."

"Wewe?"

"Mimi ni shangazi yake. Naitwa Mwanamkasi."

Inabidi nieleze hapa jambo ambalo serikali yenyewe ilikuwa imelisahau. Katika ukoo wa Mlezi Mkuu, mwanamume mwenye madaraka hajichagulii nguo. Anayemchagulia ni shangazi yake, dada wa baba. Wahenga wa ukoo huo waliona kwamba mtu anayeamua mambo ya wengine wote ni vizuri awe na jambo moja analoamuliwa. Kila alfajiri, tangu alipokuwa mkuu wa kituo kidogo cha polisi, Mlezi Mkuu alivaa kile alichowekewa kitini na Bi. Mwanamkasi. Wizara ilikuwa imeweka walinzi kwa mpiga picha, kwa kamera na kwa mitambo inayosambaza picha. Hakuna aliyemfikiria mwanamke mzee mwenye pasi ya mkaa.

Bi. Kidawa alijiweka sawa benchini kwa heshima ya ugeni, kisha akasema, "Basi kwa kweli, shangazi, humchagulii vizuri."

Sikudhani alitamani sakafu ifunguke. Lakini Bi. Mwanamkasi alicheka mpaka khanga ikamshuka begani.

"Zambarau inaficha mchuzi, mwenzangu! Yule mtoto hajawahi kula akafikisha tonge lote mdomoni. Nimvalishe nyeupe nimwaibishe?"

"Na wewe sukari yako unaijuaje sasa?"

Kicheko kiliisha. "Siijui. Juzi nimeangukia bafuni. Hawa," alisema akiwaelekeza kidole wale wa kijivu, "walisimama mlangoni wakiulizana nani ana ruhusa ya kuingia."

Sikudhani akapiga goti mbele yake. "Shikamoo, shangazi. Programu hiyo niliitengeneza mimi." Akamweleza sheria ilivyo, akamweleza Kamati ilivyosema, kwamba rangi zitakuwa halali Mlezi Mkuu akizivaa mwilini.

"Wamesema hivyo wenyewe?"

"Wamesema, shangazi. Kisha wakacheka."

"Wakacheka," Bi. Mwanamkasi alirudia. Akajifunga khanga upya, ile ya kiunoni, kama mwanamke anayekwenda kusonga ugali wa watu wengi. "Ninayo kofia nyekundu nyumbani. Shati la njano nitapata. Suruali ya kijani..." Akamtazama mlinzi wa kulia, akampima kwa macho kuanzia kiunoni kushuka. "Mna duka lolote mnalolijua, ninyi, ambalo haliuzi kijivu?"

*

Yaliyotokea chumbani kwa Mlezi Mkuu kesho yake alfajiri yalisikiwa na mtumishi aliyekuwa ameshika viatu, naye aliyasimulia kwa wachache tu, ndiyo maana yanajulikana na wote.

"Shangazi, hii nini?"

"Kofia."

"Nyekundu?"

"Macho yako mazima, mshukuru Mungu. Si wote walio nayo."

"Na hili shati? Na hii suruali? Shangazi, nitaonekana kama kasuku!"

"Kasuku kakukosea nini?"

"Nina mabalozi leo!"

"Nao hawajawahi kuona nguo?"

"Shangazi, mimi ni mkuu wa nchi!"

"Najua. Inua mkono."

Mlezi Mkuu akainua mkono, na shati likapita.

Picha ya Siku ilipofika, nchi nzima iliitazama mara mbili. Katikati ya mawaziri wa kijivu alisimama Mlezi Mkuu akiwa na nyekundu juu, njano katikati na kijani chini. Katika njia panda ya jiji, dereva mmoja wa lori alipoona bango lenye picha hiyo alisimama, akasubiri, akaondoka. Mikononi mwa wagonjwa, simu zilirudiwa na akili zao. Bi. Kidawa aliamka, akaona njano, akameza dawa zake, na saa chache baadaye akaona kijani, akaenda kumrudishia jirani shukrani zake pamoja na kinu kikubwa zaidi.

Profesa Mkwizu hakulala. Kabla ya magazeti kwenda mitamboni alikuwa ametoa ufafanuzi kwamba kofia nyekundu ni ujasiri wa fikra, shati la njano ni ukunjufu wa moyo, na suruali ya kijani ni kilimo. Wabunge walipiga makofi. Siku iliyofuata Mlezi Mkuu alivaa hivyo tena, na ya baada ya hapo pia, kila siku kofia nyekundu, shati la njano, suruali ya kijani, na ufafanuzi ukaanza kuwa mfupi.

Ndipo ulipowadia mkutano wa wakuu wa nchi jirani.

"Siku hii moja tu, shangazi," Mlezi Mkuu alisihi. "Suti nyeusi. Wote watavaa nyeusi."

"Na wagonjwa siku hiyo wafanye nini?"

"Wavumilie."

"Sukari haivumiliwi. Mimi mwenyewe nimejaribu, nikaamkia sakafuni."

"Kwani wagonjwa na suti yangu wapi na wapi?"

"Kawaulize waliowafunga pamoja," Bi. Mwanamkasi alisema. Akamnyooshea kola ya njano.

Katika picha ya pamoja ya mkutano huo wakuu wote wamevaa nyeusi, na wewe hata ukiwa mbali utamtambua wa kwetu. Mkuu wa nchi mwenyeji alimsogelea, akamuuliza kwa sauti ya chini kama mizigo yake imepotea uwanja wa ndege.

"Hapana," Mlezi Mkuu alijibu. "Ni shangazi."

Mwenyeji alimshika mkono kwa huruma ya kweli.

*

Aliporudi alimwita Profesa Mkwizu kabla hata ya kuvua kofia.

"Nisomee hiyo sheria."

Profesa aliisoma kwa sauti nzuri yenye kupanda na kushuka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Mlezi Mkuu kuisikia yote, maana siku ya kuitia saini alikuwa anakula.

"Kwa hiyo," alisema, "nikivaa nyeusi, mgonjwa ataona nyeusi."

"Ndiyo, Mtukufu. Mshikamano."

"Na shangazi ataanguka bafuni."

"Kwa... kwa mshikamano, Mtukufu."

"Na kama sheria hii isingekuwepo?"

Profesa alipekua kurasa za sheria. Ni mtu aliyesoma sana, aliyekuwa na jibu juu ya kila rangi iliyomo kwenye upinde wa mvua, lakini hilo halikuwa limewahi kuwasilishwa kongamanoni.

"Programu zingekuwa na rangi gani?" Mlezi Mkuu aliendelea.

"Za... za watu waliozitengeneza, Mtukufu. Na mwenye simu, akipenda zifanane, angezifananisha. Asipopenda, angeziacha."

"Na mimi?"

"Wewe ungevaa nguo."

Mlezi Mkuu alikaa kitako juu ya meza ya kazi, kijani chake kikatanda juu ya mafaili, akatafakari kwa muda mrefu uzuri wa jambo hilo.

Sheria ilifutwa kwa makofi yale yale. Profesa Mkwizu ndiye aliyewasilisha hoja ya kuifuta, akitumia hotuba yake ya zamani baada ya kuondoa maneno machache, na akaeleza kwamba lengo la mshikamano limefikiwa kikamilifu kiasi kwamba hauhitajiki tena. Hakuna aliyetaja wagonjwa. Chuo Kikuu kiliandaa kongamano juu ya utajiri wa rangi nyingi, na wasomi waliafikiana.

Asubuhi ya kwanza baada ya hapo, Sikudhani alikuwa amekaa na mama yake barazani. Picha ya Siku ilikuwa imefika: Mlezi Mkuu ndani ya suti nyeusi, anatabasamu kama mtu aliyetoka hospitalini. Simu ikasema hamjambo wanangu. Bi. Kidawa akajibu hatujambo, akaitazama. Kioo kizima kilikuwa chekundu, chekundu kweli kweli, juu ya kifua cheusi cha mkuu wa nchi. Akachukua ndizi mbivu, akaimenya, akaila bila haraka huku binti yake akikitazama kile kioo bila kupepesa.

Redio ya jirani ilikuwa inasoma taarifa. Mtangazaji alisema kwamba kwa hekima na ukarimu wake Mlezi Mkuu amewapa wananchi rangi zote.

"Amesema ametupa nini?" Bi. Kidawa aliuliza.

"Rangi, mama."

Bi. Kidawa alimeza kipande cha mwisho cha ndizi. Kioo kikaanza kugeuka kijani.

"Kwani zilikuwa zake?"